Jiwe Tuliloliacha Kilimani

Lori la mawe lina kelele yake. Kama umewahi kujenga, hata banda la kuku, unaijua vizuri: bodi linainuka taratibu, mlango wa nyuma unagongagonga, kisha ngurumo moja na vumbi, na majirani wanachungulia wajue safari hii ni zamu ya nani. Mwezi uliopita zamu ilikuwa yangu, hapa Kimandolu, nilipokuwa najenga ukuta wa kuzunguka kiwanja. Lilikuwa lori la mwisho. Mawe ya malori yaliyotangulia yalikuwa yameshaingia kwenye msingi na kufunikwa kwa zege, na fundi alikuwa akinisumbua tangu asubuhi kwamba yamepungua.

Vumbi lilipotulia nikaliona. Lilikuwa limelala juu ya wenzake, jiwe pana la kijivu lenye bonde katikati, bonde laini kabisa, la mtu aliyesaga nafaka hapo miaka na miaka. Ukingo wake mmoja ulikuwa umebanduka kipande cha kutosha dole gumba. Nikainama, nikatia dole gumba langu pale. Likaingia. Nikakaa chini kwenye vumbi na gauni langu la kazini, hata fundi akaja mbio kuniuliza kama sukari imeshuka.

Sukari ilikuwa salama. Ila ghafla nilikuwa mtoto tena, midomo imekauka kwa jua, nimesimama juu ya kilima nikimwomba Mungu atupe dhahabu. Ngoja nikusimulie rafiki yangu, maana tangu siku hiyo sijatulia, na nyumbani hakuna wa kumwambia.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Wewe unaikumbuka. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa ghafla, sabuni za kila rangi, viatu vya plastiki, redio zenye taa. Kila mtu akawa mfanyabiashara. Mama yangu alikuwa akishona sare za shule, akaacha cherehani na kwenda sokoni kuuza mitumba, na nyumba yetu yote ikanuka ile harufu ya belo linapofunguliwa, harufu ya dawa na ya nchi za watu. Lakini kadiri maduka yalivyojaa, viwanda vilianza kunyamaza. Kiwanda alichofanyia kazi baba, yeye akiwa fundi mitambo, kilipunguza watu, kikapunguza tena, mwisho kikafunga mlango. Baba akarudi nyumbani na sanduku lake la spana.

Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu mzima anaweza kukosa pa kuiweka mikono yake. Alifungua saa ya ukutani akaifunga. Alifungua vitasa vyote vya nyumba, akavitia mafuta, akavirudisha. Baiskeli ya jirani aliifungua mpaka jirani mwenyewe akaja kuidai. Hakai. Anakaa kidogo, anasimama, anatoka nje, anatazama barabara, anarudi, anauliza saa, wakati saa ameitengeneza mwenyewe. Zamani akifanya kazi alikuwa akipiga mluzi, nyimbo za kanisani hasa, tena vizuri. Mluzi ukapotea, na sisi watoto tukaanza kutembea kwa vidole ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Yule jirani wa baiskeli alikuwa amefanya kazi na baba kiwandani. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mipango mingi zaidi, kila wiki ana mradi, na kila mradi una utajiri ndani yake. Siku moja Desemba, shule zikiwa zimefungwa, alikuja na habari. Alikuwa ametoka kununua mbuzi upande wa Oldonyo Sambu, nyuma ya Mlima Meru, akaonyeshwa kilima chenye magofu juu. Kuta za mawe, za zamani sana, hakuna anayejua ni za nani. Na kwenye pembe ya ukuta mmoja kuna jiwe limechongwa msalaba.

"Mangi, msalaba!" alimwambia baba, maana Mchaga kila mahali huitwa Mangi, huku akipiga paja. "Hao ni Wajerumani. Walipokuwa wanakimbia vita walifukia mali, wakaweka alama. Nani mwingine angechonga msalaba porini kule?"

Utacheka, lakini siku zile hapakuwa na mtaa usio na mtu anayejua mahali Mjerumani alipofukia sanduku. Chini ya mti fulani, nyuma ya stesheni fulani, kwenye daraja bovu. Watu wazima na akili zao walichimba. Baba hakuwa mtu wa hadithi hizo, aliyekuwa hivyo ni jirani. Ila nilimwona anavyosikiliza, amekishika kikombe cha chai na hanywi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nje nasugua masufuria kwa majivu, chini ya dirisha la jikoni, nikawasikia wazazi wangu ndani.

"Nakwenda nikaone tu," baba alisema. "Kilima kikigoma, basi. Naenda Mererani."

Nikasikia mama anaweka kikombe mezani. Kisha akasema, "Mererani watu wanaingia shimoni wanatembea, wanatoka wamebebwa."

"Na wengine wanatoka na magari."

"Nionyeshe gari la baba wa nyumba ya kona."

Yule mama wa nyumba ya kona kila mtu alimjua. Mumewe alikuwa amekwenda Mererani kuchimba tanzanite, na huu ulikuwa mwaka mwingine hajarudi, na bado kila Jumamosi alifua mashati ya mume wake na kuyaanika, yanakauka, anayakunja. Niliyawazia mashati ya baba kwenye kamba yetu. Nikasugua lile sufuria mpaka mama akatoka akaniuliza kama nataka kulitoboa.

Basi unaelewa nilikipanda kile kilima na nini moyoni. Kaka yangu, aliyenizidi miaka michache, alikwenda kwa ajili ya kupanda pikapu ya jirani, ile ya kubebea mbuzi. Jirani alifuata utajiri. Mimi nilitaka kilima kitoe kitu, chochote, ili baba abaki nyumbani. Nilikuwa tayari hata kugawana na Wajerumani.

Mama alitufungia kiburu kwenye majani ya mgomba, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, na chai kwenye chupa. Tukatoka na pikapu ya jirani, yeye na baba mbele, sisi nyuma na masururu yaliyokuwa yakirukaruka kila shimo. Tulipita mjini, tukapita Ngaramtoni, tukapita Olmotonyi ambako misitu ya kupandwa ilitupa kivuli na harufu ya mikaratusi, halafu kivuli kikaisha. Kama hujawahi kwenda upande ule huwezi kuamini kwamba ni mlima mmoja. Upande wetu wa mjini kuna migomba, mito, ukungu wa asubuhi. Ukizunguka nyuma unakuta miiba, vumbi jekundu, na jua linalokusubiri. Na siku ile lilikuwa na hasira. Bati la pikapu liliwaka mpaka tukasafiri tumechuchumaa.

Chini ya kilima palikuwa na boma la bibi mmoja wa Kiarusha. Adabu ilitaka tupite kwake kwanza. Sisi tukasema shikamoo, yeye akatunyooshea mkono, tukabaki tumeduwaa mpaka baba alipotuinamisha vichwa. Kwao mtoto hashikani mikono na mkubwa, anainama ili aguswe kichwani. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi. Alisema tumwite Koko, yaani bibi, kama wajukuu zake. Akatupa maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu, yenye harufu ya moshi. Kaka aliyanywa huku amefumba macho, mimi nikaomba tena.

"Mnaenda wapi na jua hii?" aliuliza.

"Tunakwenda kutembea, mama," jirani akawahi. "Watoto wanataka kuona mambo ya kale."

Koko alitazama masururu nyuma ya pikapu. Akafunga kibuyu chake.

Tukapanda. Njia ilikuwa ya mbuzi, na mbuzi hawajali kama una pumzi au huna. Nyasi zilikuwa zimekauka, zikivunjika chini ya viatu, na panzi waliruka mbele yetu kwa kelele kama mtu anachana karatasi. Chupa ya chai ikawa ya moto zaidi nje kuliko ndani. Baba alikuwa mbele, shati limegandamana mgongoni, hasimami hata mara moja. Nilikuwa nakimbia kidogo, natembea kidogo, nikiogopa kwamba akifika peke yake kilima kitamgomea.

Juu nikasahau kila kitu kwa muda. Ningependa ungeona. Sikutegemea nyumba. Nilidhani magofu ni rundo la mawe. Hizi zilikuwa kuta kweli, zimefika kiunoni mwa mtu mzima, jiwe juu ya jiwe bila tope wala saruji, zikizunguka na kuachia mlango, kisha nyingine, kisha ujia mwembamba katikati, kama mtaa. Mijusi yenye vichwa vyekundu ilikuwa imekaa juu ya kuta ikitutikisia vichwa, wenye nyumba kabisa. Ukisimama pembeni unaona tambarare lote mpaka Longido, na hewa inachezacheza kwa joto. Mimi na kaka tukakimbia kwenye zile njia. Hapa jikoni. Hapa wanalala ndama. Hapa mtoto alikuwa akitumwa maji, akanuna. Tuliokota vigae vya vyungu vyenye mistari ya kuchorwa kwa kucha, nikaweka kucha yangu kwenye mstari na ikatosha. Mtu alikuwa ameishi hapa. Alikuwa na kucha kama zangu. Nilipata furaha iliyochanganyika na woga, sijui niiteje, na mpaka leo nikiingia nyumba iliyohamwa inanirudia.

Jirani hakuwa na muda wa vigae. Alikuwa amekuja na redio yake, ile ndogo ya betri ambayo kila mkulima alikuwa nayo, na alikuwa na elimu yake: redio ikipita juu ya madini inalia. Akaizungushazungusha juu ya kuta, ikikoroma taarabu kutoka mbali. Alipofika kwenye pembe yenye jiwe la msalaba, redio ikatoa mlio mwembamba. Nadhani ingetoa mlio popote ambapo angeinamisha ile antena, lakini yeye akamtazama baba kama mtu aliyebarikiwa.

"Umesikia, Mangi?"

"Nimesikia."

Baba akavua shati. Wakaanza kubomoa.

Sipendi kukumbuka sauti ile. Mawe yaliyokaa pamoja muda wote ule yanapotenganishwa yanatoa mlio mkavu, mmoja mmoja. Walishusha pembe yote na kipande kirefu cha ukuta, wakachimba chini yake. Jirani alichimba kwa mdomo zaidi. Baba alichimba kama mtu anayepigana. Udongo ulitoka mwekundu, halafu mweusi, majivu ya jiko la zamani, halafu mifupa ya ng'ombe, halafu vigae. Jua lilikuwa utosini, hapana kivuli hata cha kumficha mjusi. Nilimpelekea baba chai, hakuiona. Nilisimama ukingoni nikisema kimoyomoyo, kitoe, kitoe, kitoe.

Ndipo sururu likalia juu ya jiwe. Lilikuwa kubwa, gumu, si kama mengine. Jirani akapiga kelele. Baba akatupa sururu, akapiga magoti, akafukua kwa mikono, nami nikaruka shimoni nikafukua naye. Lilikuwa lile jiwe. Lenye bonde. Sururu lilikuwa limebandua kipande ukingoni, na pale palipobanduka palikuwa papya, peusi, panang'aa. Baba aliligeuza akatazama chini yake. Palikuwa na udongo tu.

"Ni jiwe la kusagia," alisema. Akakaa chini palepale shimoni, akaegemea udongo, akafumba macho. Nilijua basi, ameshakwenda, mwili wake uko hapa lakini yeye yuko Mererani tayari. Nikaanza kulia, na kaka akanifinya ninyamaze.

Koko alikuwa ameliona vumbi letu kutoka chini. Tulipogeuka alikuwa amesimama pale ukuta ulipokuwa, mama mzee kama yule, jua kama lile, fimbo mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa ameshika kitita cha majani mabichi. Sijui aliyatoa wapi, kilima chote kilikuwa kikavu. Lazima aliyakata bondeni kwenye maji kabla hajaanza kupanda.

"Nyinyi natafuta nini?" aliuliza. Hakufoka.

Jirani akaanza hotuba kuhusu mambo ya kale. Baba akamkatiza. "Mali, mama. Tuliambiwa Wajerumani walifukia mali. Tumeona msalaba."

Koko alilitazama jiwe la msalaba, limelala kifudifudi kwenye udongo. Akaketi juu ya ukuta uliobaki, akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shuka.

"Mjerumani! Huyo alichonga mzee wangu. Baba ya watoto wangu. Alikuwa mwinjilisti. Kanisa ilikuwa hapa, kabla ya bati, kabla ya kengele. Pasaka tulikuwa napanda na giza, jua ikitoka inakuta sisi naimba." Akamtazama baba. "Wewe ni wa dini gani?"

"Mlutheri, mama."

"Mchaga?"

"Ndiyo, mama."

"Mlutheri," alisema Koko, polepole. "Umeona msalaba, umechukua sururu."

Rafiki yangu, sijawahi kumwona baba vile. Ni mzee wa kanisa huyu, amebeba sahani ya sadaka Jumapili zote. Uso wake ulishuka. Jirani aligeuka akaanza kuikagua redio.

Koko hakusubiri jibu. Aliinuka, akamnyooshea baba yale majani. "Sasa rudisha."

"Nirudishe nini, mama?"

"Ukuta. Mimi sijui nani alijenga. Baba yangu hakujua, na baba yake hakujua. Lakini mtu alipanga. Rudisha."

Mtoto wa mjini angeona ni kitita cha majani tu. Lakini baba alikulia Marangu. Kwetu uchagani mtu akiwa na jambo zito, la ugomvi au la kuomba, anakuja na jani la isale mkononi, na akikujia nalo humkatalii, hata kama amekuulia mifugo. Hakuna aliyemwambia baba kwamba majani mabichi mkononi mwa Mwarusha ni jambo la amani vilevile. Aliyaona akaelewa. Aliyapokea kwa mikono yote miwili, yenye udongo, akayaweka juu ya ukuta mahali salama.

"Tutarudisha, mama," alisema.

Jirani akakumbuka kwamba rejeta ya pikapu haina maji, akateremka. Tulimwona baadaye amelala chini ya gari. Tukabaki sisi watatu na Koko aliyekaa kwenye kivuli cha shuka yake mwenyewe, akituangalia.

Mwanzoni baba alipanga ovyo, mawe yakaporomoka. Akapanga tena, yakaporomoka. Akasonya. Kisha akasimama, akaenda kwenye ukuta ambao haujaguswa, akauinamia kwa muda mrefu, akiupapasa kama alivyokuwa akipapasa mashine inayokoroma. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Njooni muone," alituita. "Kila jiwe limekalia mawili. Hakuna linalosimama peke yake. Na hizi ndogo hapa katikati ni kabari. Aisee! Huyu alikuwa fundi."

Tukafukia shimo, mifupa tukairudisha na majivu yake. Halafu akaanza kuagiza. Niletee pana. Hapana, lenye mgongo. Kabari, mama, kabari ndogo. Aliniita mama, kama baba anavyomwita binti yake akiwa na raha, na hakuwa ameniita hivyo tangu kiwanda kifunge. Mikono yangu ilichubuka, mgongo uliniuma, na jua lilikuwa bado linatumaliza, lakini sikutaka ukuta uishe. Jiwe lilikaa, akaligonga, likatulia. Lingine. Na kati ya jiwe na jiwe nikausikia. Mluzi. Mwanzoni pumzi tu, halafu wimbo mzima. Koko aliujua, akaufuata kwa Kimaa, lugha yao, kwa sauti ya chini ya kizee. Kaka alinitazama. Hatukusema kitu, tuliogopa ungekatika.

Jiwe la msalaba lilirudi kwenye pembe yake. Lile la kusagia nililiomba nimpelekee mama. Baba akajaribu kulinyanyua, akacheka. Lilikuwa zito mno, njia mbaya, jua linazama. Akaliweka mstari wa juu kabisa, bonde limetazama nje, mahali tutakapoliona kirahisi.

"Tutakuja kulifuata," alisema. "Siku nyingine, na watu wa kubeba."

Nikatia dole gumba pale palipobanduka, kama kuweka ahadi. Koko akatandaza yale majani juu ya ukuta, yakiwa yameshanyauka. Tukainamisha vichwa bila kuambiwa, akatugusa.

Tukiwa njiani kurudi, nyuma ya pikapu, nimelala juu ya miguu ya kaka, niliamini tumeshinda. Kilima hakikutoa dhahabu, lakini nilimsikia baba kule mbele bado anapiga mluzi. Mtu anayepiga mluzi vile haendi popote. Krismasi tulikwenda Marangu kama Wachaga wote, akachinja, akacheka na ndugu zake, akarekebisha ukuta wa mfereji wa bibi kwa mawe, jiwe moja limekalia mawili. Nilihesabu jambo limekwisha.

Januari akaenda Mererani.

Sikulia safari hiyo. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, na jirani, na kile kilima, na Koko pia, maana niliona alitudanganya kwa majani yake. Nilikuwa mtoto, nilidhani mtu akirudisha kitu mahali pake na yeye anarudishiwa chake. Baba alikaa mashimoni miaka. Alikuwa akija, anaondoka, anakuja na zawadi, anaondoka tukiwa tumelala. Mama alitusomesha kwa mitumba. Mashati ya baba tulikuwa tukiyafua, ndiyo, Jumamosi. Hatimaye alirudi moja kwa moja na kifua kibovu, bila gari, ila alirudi akitembea, na mama alimshukuru Mungu kwa hilo mpaka siku yake ya mwisho. Kilimani hatukuenda tena. Kila mwaka tulisema tutakwenda.

Sasa baba anaishi na mimi. Macho yamefifia, kifua kinakoroma, lakini ule ugonjwa wa kutotulia haujamwachia. Mchana kutwa anainuka kwenye kiti chake barazani, anapapasa ukuta, anakwenda mpaka pale geti litakapokuja kuwa, anasimama. Ukimuuliza anasema anaangalia gari. Gari gani, hasemi. Unamrudisha, anakaa, anainuka. Kuna siku ninamrudisha mpaka ninataka kupiga kelele.

Siku ile ya lori, nilipoweza kusimama, nilimfuata dereva. Nikamuuliza mawe haya wameyapata wapi.

"Oldonyo Sambu, mama, kuna kilima kule," alisema kwa furaha ya mtu anayesifia bidhaa. "Mawe yake mazuri sana, wala huhangaiki kupasua. Watu wa zamani walishayapanga, sisi ni kupakia tu. Ila yameisha sasa. Hili lako ndilo la mwisho."

Nikamuuliza fundi kama kwenye yale ya kwanza aliliona jiwe lenye msalaba. Alinitazama kwa huruma. "Mama, jiwe ni jiwe. Likiingia kwenye zege nani anakumbuka?"

Sikuwa na wa kumlaumu. Tulichimba chini ya kuta tukitafuta mali, na waliokuja nyuma yetu wakaona mali ni kuta zenyewe, wakazibeba, na mnunuzi ni mimi. Koko alishakufa zamani, sikuwahi kwenda kumzika. Nyumba za watu wale wenye kucha kama zangu, jikoni yao, njia yao nyembamba, pembe walipoimba Pasaka, pembe ambayo baba yangu alikuwa na furaha mchana mmoja, vyote viko chini ya ukuta wangu wa kuzuia wezi. Nimeshaambiwa ni ukuta mzuri, mtaa mzima unausifia.

Nilimwambia fundi na msaidizi wake walibebe lile jiwe mpaka barazani, miguuni pa baba. Nikamshika mkono nikauweka kwenye bonde. Alipapasa taratibu, huku na huku, kama zamani. Akafika ukingoni. Dole gumba likaingia. Likakaa pale.

"Tulisema tutalifuata," alisema.

"Ndiyo, baba. Limekuja."

Akafikiri. Kisha akageuza uso wake kunitafuta, akauliza, "Na ukuta wangu?"

Nilitazama mafundi kule mbele, wanakoroga zege. Nikatazama ule msingi.

"Upo, baba," nikasema.

"Umesimama?"

"Umesimama."

Akaitikia kwa kichwa. Akaegemea kiti, mkono wake ukiwa bado kwenye jiwe, na kutwa ile hakuinuka tena kwenda kuangalia gari.